Tarihi ya Chokaa ya Buluu katika Uwanja wa Nasturele

Enyi mlioketi na mliosimama mlangoni, mlioshiba na mnaongoja chungu kiive, nyamazeni kidogo. Mwenye kutafuna na ameze, mwenye mtoto na ampakate. Kwa maana nasimulia habari ya Pompiliu mwana wa Anghel, bwana wa nyasi, mshika ufagio, mlinzi wa magoli mawili na wavu mmoja na nusu, jinsi alivyotoka Jumapili ya Matawi katika mji wa Gura Cireșului, bila ngao wala mkuki, ndoo tupu mkononi, akaenda kutafuta chokaa.

Kwanza ijulikane asili ya ufalme wenyewe. Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tatu, mkurugenzi wa kiwanda cha vifungo aliamka na amri: kila karakana itoe watu wanne wenye mapafu. Ikazaliwa timu, ikaitwa Nasturele, yaani Kifungo, ikavishwa fulana nyekundu yenye kifungo cha matundu manne kifuani, na tangu siku ile wapinzani wa bonde zima hawakukosa la kusema. Nusu ya suruali za nchi ile zilikaa viunoni kwa kazi ya mikono ya Gura Cireșului. Kisha zama zikageuka, kiwanda kikafungwa, mashine zikauzwa vyuma chakavu, ukumbi mkubwa ukawa ghala la makochi. Lakini timu, kwa kuwa hapana aliyekumbuka kuifunga, ikaendelea kuwepo. Sasa ilikuwa imepiga kambi mkiani mwa daraja la nne, ikichezewa na mwoka mikate, daktari wa ng'ombe, madereva watatu, na ndugu wawili waliorudi kutoka mashamba ya Italia kwa ajili ya Pasaka.

Na mtunza uwanja wao alikuwa huyo Pompiliu, umri wake miaka sitini na minane, aliyeitwa Pompiliu wa Vidole Tisa na Nusu, kwa sababu nusu ya cha kumi aliiacha katika mashine namba sita, na hata leo pengine kuna koti la askari lililofungwa kwa kifungo chenye kumbukumbu yake.

Basi Jumamosi mvua ilinyesha, mvua isiyojua mkubwa wala mdogo, ikaosha mistari yote ya uwanja, ya pembeni na ya kati, hata nukta ya penalti. Tena ikaingia stoo kwa tundu la paa, ikaloweka mfuko wa chokaa, na kulipokucha mfuko ule ulikuwa jiwe.

Jumapili, saa tano kasorobo asubuhi, akawasili refa Iustin, mwalimu wa hisabati, mwembamba kama rula, mwenye futi ya mkanda mfukoni. Akatembea uwanjani mara moja, akarudi.

"Uwanja huu hauna mistari," akasema.

"Ipo," akajibu mwenyekiti Gligor, ambaye siku za kazi huendesha gari la mikate. "Imezama kidogo tu. Ukiitazama kwa upande unaiona."

"Ndugu mwenyekiti, mimi sichezeshi mistari ya moyoni. Saa tano kamili naanza kuhesabu. Nawapa dakika arobaini. Zikiisha bila mistari, naandika mechi haikuchezwa, nakwenda zangu kula."

Ndipo uso wa Gligor ukawa rangi ya unga. Kwa maana kanuni ya wilaya ilikuwa fupi na haina huruma: timu ikishindwa kucheza mara tatu katika msimu mmoja, jina lake hufutwa. Na Nasturele ilikwisha shindwa mara mbili. Mara ya kwanza basi liliwafia mlimani. Mara ya pili walifika wachezaji sita, wenzao wakiwa harusini, na hao sita nao walikuwa wametoka hukohuko.

Wapinzani wa siku ile, wageni wa Dealu Sec, waliokuwa wameketi kwenye ukingo wa jukwaa wakitema maganda ya alizeti, walifurahi kimyakimya, kisha kwa sauti. "Kifungo kimekatika," mmoja akasema. "Shikeni suruali, wazee."

"Nea Pompiliu," akanong'ona Gligor, kwa maana wadogo wote humwita hivyo, kama kaka mkubwa. "Ile chokaa yetu?"

"Jiwe. Nimeipiga nyundo, mpini wa nyundo umevunjika."

"Nani mwingine anayo?"

Swali hilo lilikuwa zito. Katika mji ule kila nyumba hupaka miti yake chokaa kabla ya Pasaka, na wiki ile wote walikwisha paka, ndoo zikawa kavu kila ua. Miti ya mtu mmoja tu ilikuwa bado myeusi miguu: miplamu kumi na miwili iliyoonekana hapo hapo, ng'ambo ya uzio.

"Tanti Saveta," akasema Gligor, yaani Shangazi Saveta, akavua kofia bila kujua. "Goti lilimchelewesha."

"Nenda wewe," akasema Pompiliu.

"Mimi? Aliwahi kunirudishia mkate kwa sababu haukuwa duara."

Kwa miaka ishirini na tisa Saveta alikuwa mkaguzi wa mwisho kiwandani. Aliketi mwisho wa mkanda wa mashine na kibano chake, na kifungo chenye mkwaruzo wa unywele hakikupita mbele yake kikaishi. Nao uwanja wa Nasturele hakuukanyaga tangu mwaka wa sabini na tisa. Sababu yake mji wote uliijua nusu, na Pompiliu aliijua nzima.

Akashika ndoo, akaenda. Hatua zilikuwa sitini, naye alizitembea kama mtu anayepanda mlima. Njiani alitunga hotuba, na alipofika langoni akaitoa.

"Dada Saveta, mjane wa Virgil, wewe ambaye kiwanda kizima kilitetemeka mbele ya kibano chako, sikuja leo kwa ajili ya nafsi yangu, bali kwa ajili ya miaka sabini ya jasho na—"

"Unataka chokaa."

"Nataka chokaa."

"Nilijua tangu nilipomwona refa akiinama. Futa miguu, ingia."

Chokaa ilikuwa tayari chini ya mplamu wa kwanza, beseni kubwa limejaa, nzito kama maziwa ya mtindi, naye akiikoroga kwa fimbo. Pompiliu akasogeza ndoo yake. Lakini Saveta hakuacha kukoroga.

"Nitakupa yote. Ila kwanza twende ukutani."

Pompiliu hakuuliza ukuta upi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, chini ya upenu, kuna ukuta ulioandikwa majina ya wale waliocheza Kombe mwaka wa sabini na tisa, siku timu kubwa ya mji mkuu ilipokuja Gura Cireșului kwa treni, ikala, ikafunga mabao tisa, ikapanda treni. Ndiyo siku kuu ya historia ya Nasturele, kwa sababu hapana siku nyingine. Majina yameandikwa kwa mwandiko mzuri, kuanzia namba mbili hadi kumi na moja. Juu yake ipo namba moja, kisha nukta, kisha ukuta mtupu. Namba moja alikuwa kipa, naye alikuwa Virgil. Mwandishi alikuwa Pompiliu.

Wakasimama mbele yake, Saveta na fimbo yake, Pompiliu na ndoo iliyojaa. Ilikuwa saa tano na dakika nane.

"Amekufa miaka kumi na minane," akasema Saveta. "Kila siku alipita hapa kwenda zamu. Hakusema neno. Mimi nataka kujua kwa nini jina lake halipo."

"Mkurugenzi alisema paachwe wazi."

"Mkurugenzi alikufa mwaka wa tisini na moja. Rangi unayo miaka thelathini na zaidi."

Mashujaa wengi wamesimama mbele ya mikuki, na mikuki ni rahisi, kwa kuwa hailazimishi mtu kuzungumza. Pompiliu alitazama jina lake mwenyewe, namba tano, herufi zake zimesimama wima kama askari. Miaka yote hiyo alifagia pale huku macho yake yakianzia namba mbili.

"Mimi nilikuwa beki wa kati," akasema hatimaye. "Katika yale tisa, manne yalipita miguuni mwangu. Nikaona jina lake lisipokuwepo, watu watasema ni yeye. Na walisema. Mkurugenzi hakuniambia kitu."

Saveta aliinua kiganja, vidole vyote vitano.

"Matano," akasema. "Nilikuwepo. Nilihesabu."

"Matano," akakubali Pompiliu.

"Haya, andika."

Akatoa stooni brashi na kopo la rangi, akachovya, akaandika. Naye Saveta akakagua kama zamani.

"Hiyo G imelala."

Akaifuta kwa mkono wa shati, akaiandika upya.

"Sasa imelewa."

Akaifuta tena. Ng'ambo ya ukuta Gligor alikuwa akiita dakika kama kengele ya kanisa: ishirini na mbili, ishirini na moja. Mkono wa vidole vinne na nusu ukaikaza brashi, na G ya tatu ikasimama. VIRGIL GHIȚĂ, likasomeka.

"Imepita," akasema Saveta, na neno hilo, ambalo katika miaka ishirini na tisa alilitoa kwa shida kuliko jino, lilimshusha Pompiliu mabega. Kisha akasogea karibu zaidi. "Mkia wa Ț uko wapi?"

Akaweka mkia.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza, na dakika kumi na tisa tu zikiwa zimebaki. Kigari cha kuchorea kilikuwa hakina gurudumu, kwa hiyo Pompiliu alichovya ufagio wa chelewa katika ndoo, akainama, akarudi nyuma mbio, mgongo mbele, akiburuta mstari kama simba aburutavyo nyati. Madereva watatu walivuta kamba. Daktari wa ng'ombe alibeba beseni kifuani kama ndama mgonjwa. Ndugu wawili wa Italia walipima eneo la penalti kwa hatua, na kwa kuwa mmoja ana miguu mirefu, upande wa mashariki ulipata heshima kidogo zaidi. Wageni wakaacha alizeti wakasimama kutazama. Jasho lilimwagika, chokaa ikarukia macho, goti la Pompiliu likalia mara mbili kama mlango, naye hakusimama. Kwenye duara la kati kamba ilikuwa fupi, wakaiongeza kwa mshipi wa mwenyekiti, na Gligor akaiona nusu ya mwisho ya kazi ile akiwa ameshika suruali yake kwa mkono, jambo ambalo wageni hawakuliacha lipite.

Kisha jua likatoka, chokaa ikakauka, na mistari yote ikageuka buluu.

Kwa maana Saveta, kama kila mtu mwenye akili, hutia mrututu, ile dawa ya unga wa buluu, katika chokaa ya miti ili kuua wadudu.

Refa Iustin aliitazama saa yake: dakika mbili. Akatembea. Kila aliposimama, watu wote wa Gura Cireșului waliacha kupumua.

"Ni ya buluu," akasema.

"Ni nyeupe ya sikukuu," akasema Gligor.

"Mimi si kipofu, mwenyekiti."

"Miti yangu haijawahi kulalamika," akasema Saveta kutoka nyuma. Alikuwa ndani ya uwanja, na hapana aliyemwona akiingia.

Refa akageuka, akamtazama kama mwanafunzi aonavyo mwalimu wake wa kwanza. Na kweli alikuwa na sababu: mama yake alifanya kazi kwenye mkanda uleule.

"Hilo duara la kati ni yai," akasema, kwa sauti iliyopungua.

"Ni duara," akasema Pompiliu, akihema, "ila limekimbia sana."

Iustin akainama, akapitisha kidole kwenye mstari, akakitazama. "Mistari inatakiwa ionekane, itofautiane na nyasi," akasema kama anayejikumbusha. "Nyasi si buluu." Akapuliza filimbi.

Mechi ikachezwa. Tarihi haikatai kusema kwamba Nasturele walifungwa manne bila, na kwamba bao la pili lilitoka kwenye kona ya mwoka mikate mwenyewe, iliyorudi nyuma kwa sababu ambazo sayansi haijazieleza. Saveta aliletewa kiti, akaketi kando ya Pompiliu. Bao la tatu lilipoingia, mpira ukipita taratibu chini ya tumbo la kipa, alivuta pumzi.

"Virgil angeudaka huo," akasema.

Pompiliu, aliyemfahamu Virgil uwanjani kuliko mtu yeyote aliye hai, aliutazama mpira wavuni.

"Angeudaka," akasema.

Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wa Gura Cireșului waliingia uwanjani, wakakumbatiana. Wakamwinua Pompiliu hadi kimo ambacho mgongo wake uliruhusu, wakampa pombe kali ya plamu na kipande cha nyama ya kuchoma. Nahodha wa wageni akamsogelea Gligor.

"Samahani, mzee. Mnashangilia nini? Mmefungwa manne."

"Tumecheza," akasema Gligor, ambaye bado alikuwa ameshika suruali.

Miplamu kumi na miwili ikabaki na miguu myeusi Pasaka nzima, na jirani alipouliza, Saveta alijibu kwamba miti haina haraka.

Ama refa Iustin, yeye aliketi kwenye benchi, akatoa fomu ya wilaya, na mahali palipoulizwa hali ya uwanja akafikiri muda mrefu kuliko alivyofikiri penalti yoyote, kisha akaandika kwa mwandiko wa mwalimu: *Mistari ya buluu, lakini ipo.*

Maneno matano, yamegongwa muhuri, yamewekwa katika kabati la wilaya pamoja na mengine yasiyofutwa. Wafalme wameacha ngome na hapana ajuaye majina yao. Pompiliu mwana wa Anghel aliacha hayo, akaosha ufagio, akautundika.