Antena ya Ngamia wa Mama Batula

Jumatatu, 16 Juni
Kifaa changu kimekamilika! Redio ndogo isiyokula umeme mwingi, ya kufungwa shingoni mwa ngamia, ili mwenyewe aone kwenye simu mnyama alipo. Mama Batula, mwenye ngamia arobaini nje ya Garissa, atachagua kifaa kimoja Jumamosi: changu au cha Bridget wa meza ya pili. Nikishindwa, bosi atanirudisha Machakos kurekebisha printa. Afadhali kuchungwa na ngamia.

Antena yangu ni waya wa sentimita kumi na saba, urefu unaotakiwa na masafa ya redio yenyewe. Bridget ana kipimo cha antena. Mimi nina rula. Rula haikosei.

Jumanne, 17 Juni
Nimekiazima kipimo kwa ujanja. Nimemwambia Bridget kwamba redio ya mlinzi wetu, Abdinoor, haishiki habari. Akanitazama sana, akanipa, akasema antena hupimwa kifaa kikiwa kimevaliwa. Nikasema asante dada. Wivu tu!

Nimepima mezani. Mchoro kwenye kioo cha kipimo umeshuka bonde moja safi, pale pale panapotakiwa, yaani antena inashika sawasawa. Nimeupiga picha, nikamtumia bosi.

Jumatano, 18 Juni
Malishoni. Ngamia mkuu ni jike, ana kengele ya mbao shingoni, wenyewe huiita koor. Nilimshauri Mama Batula aivue, zama zake zimepita. Akakataa kwa adabu. Basi nikakaza kifaa changu kando yake, kikabana shingo sawasawa.

Ngamia alipofika mita mia mbili tu, simu kimya! Nikapima. Bonde limehama, kana kwamba waya umerefuka wenyewe. Nikakata sentimita moja. Ngamia akageuza shingo, bonde likahama. Nikakata. Akameza mate, likahama tena. Nikakata! Mwisho nimebaki na sentimita nane, na mate ya ngamia kwenye miwani. Waya ukishakatwa haukui. Hilo sikulifikiria.

Mama Batula alitazama yote, kisha akasema, "Muema, hii ngamia si meza." Sijui alimaanisha nini.

Alhamisi, 19 Juni
Ngamia mkuu hayupo! Amejitenga na wenzake, ameingia vichakani. Simu yangu haionyeshi kitu. Niliogopa kweli, yule ndiye mama wa kundi zima, na kifaa changu ndicho kilichoahidi kumchunga. Nikaanza kukimbia ovyo.

Mama Batula aliniambia nisimame na ninyamaze. Akasikiliza. Kok, kok, kok. Kengele! Dakika ishirini tukampata, anakula bila wasiwasi. Nikaomba msamaha kwa dhati. Akacheka, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia, akauliza mbona kifaa changu kinang'ang'ania shingo. Akasema hata kengele ukiibana kwenye nyama hailii. Ndiyo maana huachwa ining'inie.

Nikaiacha chai ipoe, nikaenda kukifungua kifaa shingoni.

Jumamosi, 21 Juni
Waya mpya, sentimita kumi na saba. Kifaa nimekifunga kwenye kengele, mbali na ngozi. Nikapima ngamia akiwa amevaa. Bonde pale pale! Akatembea kilomita nne, na simu ikamwonyesha kila hatua. Nilitaka kulia. Cha Bridget kilifika tatu.

Mama Batula amechagua changu. Bridget amenipongeza kwa moyo mweupe, kisha akauliza redio ya Abdinoor inaendeleaje. Nimesema imepona, nikamrudishia kipimo chake.

Jumapili, 22 Juni
Baada ya ibada nimemwandikia bosi ripoti: "Ugunduzi Wangu wa Kengele." Habari njema haziji peke yake! Mama Batula amepiga simu, anataka vifaa sitini vya mbuzi wake. Bridget amejitolea kuniletea kipimo tena. Nimemwambia asijisumbue, sasa mimi ni mzoefu.

Hesabu ni rahisi. Mbuzi ni kama robo ya ngamia, kwa hivyo antena yake ni sentimita nne na kidogo. Nimeshazikata zote sitini, hapa mezani. Kwa rula.