Koti la Kwenda Londiani

Jumatatu, 4 Agosti

Koti la kwaya limekataa kufunga. Vifungo viwili havionani na matundu yao. Mwalimu Dorine, anayetufundisha kwaya, amesema wazi: Jumapili tunaimba kwenye mashindano kule Londiani, na asiyevaa sare kamili atakaa na watazamaji. Ule ubeti wa tatu, ninaouimba peke yangu kwa besi, atapewa Mageto.

Mageto! Ndiye fundi wa nguo pale Chepilat. Ndiye aliyeshona makoti yote. Hapo nimenusa njama. Nilimwendea kumwomba aongeze kitambaa, akasema kitambaa kiliisha. Alisema hivyo akitabasamu.

Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Naupenda ubeti ule kuliko ng'ombe wangu wote. Nyumbani nikifungua mdomo naulizwa nimekosa nini tena. Kanisani nikifungua mdomo, watu wananyamaza.

Basi: milo mitatu kwa siku, na katikati hakuna kitu. Nimemkabidhi mke wangu Chepkemoi ufunguo wa kabati la mkate. Ameupokea haraka mno. Akauliza, na ndizi za jikoni je? Nikamwambia hizo ni za wageni, aziache.

Jumanne, 5 Agosti

Wageni hawakuja. Ndizi zimeisha.

Nimegundua tatizo ni nyumba. Mtu akikaa nyumbani lazima ataona sufuria. Kwa hivyo nimetoka kufanya kazi yangu ya mzee wa kanisa, kuwatembelea wagonjwa. Nimeanza kwa Mama Nyambeki, anayeumwa goti. Huku kwetu mgeni hatoki kwa mtu bila chai, na chai hailetwi peke yake. Kukataa ni matusi. Ningemtukanaje mgonjwa? Chapati mbili, tena laini. Kwa Ogoti, anayekohoa, mahindi ya kuchemsha. Nyumba ya tatu haikuwa na mgonjwa, lakini ilikuwa na viazi vitamu, nikawaombea waendelee hivyo hivyo.

Jioni Chepkemoi ameniuliza kama nilikula kitu huko nje. Nikasema sikula. Nilikaribishwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata njia ya kujua uzito wangu bila kurudi zahanati, ambako wiki iliyopita nesi alizitaja kilo zangu kwa sauti hadi foleni nzima ikageuka. Mizani ya kituo cha majani chai! Nilipomaliza kupimiwa majani, nikamwomba karani Kiplimo anipime na mimi. Nikashika ndoano kwa mikono miwili, nikakunja miguu. Kina mama wakaacha kuchambua majani ili watazame vizuri. Kiplimo akasoma bila kucheka, kwa sauti ileile anayosomea magunia. Nimepungua kilo mbili tangu zahanati.

Kumbe kutembelea wagonjwa kunapunguza uzito. Ni huko kutembea. Mchana nimewatembelea wengine, pamoja na wawili ambao hawakujua kwamba ni wagonjwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mvua kubwa. Nimefika kituoni nikichuruzika maji, majani yangu vilevile. Nikaning'inia tena. Kilo nyingine moja imekwenda! Nikapita dukani kwa Mageto makusudi, nikasimama mlangoni kiubavu ili ajionee. Akainamia cherehani yake. Wivu huo.

Kutoka hapo nikaenda kumwombea Mama Nyambeki. Goti lake limepona tangu jana, lakini sufuria ilikuwa tayari mekoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu. Leo koti limekataa vifungo vitatu.

Nililibeba mbio hadi kwa Mageto, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba alichagua kitambaa cha kusinyaa ili aniharibie. Alizungusha utepe wake tumboni mwangu, akauangalia, akauzungusha tena. Chepkemoi, aliyekuwa amenifuata, akasema twende kwa karani tukaulize hizo kilo tatu zilipotelea wapi.

Kiplimo alishangaa. Alisema kila kinachoning'inia pale anakitolea kilo mbili za gunia. Mvua ikinyesha, anatoa na mbili nyingine za maji. Mkono umezoea, hata haufikirii.

"Na si jana ulikuwa umelowa, mzee?" akaniuliza.

Chepkemoi akapiga hesabu kichwani. Nimeongezeka. Njiani akaniambia pia kwamba sokoni wanawake watatu wamemuuliza kwa upole kama siku hizi hanipikii. Nilitaka kulia, na si kwa sababu ya wanawake wa sokoni. Niliona ubeti wangu ukienda hivi hivi.

Jioni Mageto akapiga hodi. Lile koti nililomwachia kwa hasira alikuwa amelifumua pande zote mbili na kutia vipande vya kitambaa. Nikamuuliza amevipata wapi. Akasema kwenye suruali yake ya kwaya, huko chini. Tangu Jumatatu hana usingizi, akiogopa kupewa ule ubeti. Sauti yake hufa mbele ya watu. "Hiyo kitu imba wewe, mzee. Mimi nitatoroka." Kumbe lile tabasamu lilikuwa la woga. Nikamkaribisha chai, na chai hailetwi peke yake.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekuwa wa pili! Nilipoingia ubeti wa tatu, hata mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Vifungo vyote vimefunga. Mageto aliimba nyuma yangu, suruali ikiishia juu ya soksi, na nilimpenda kama ndugu.

Kisha wenyeji wakatuandalia viazi vya Londiani na nyama ya kondoo. Saa tisa, katikati kabisa ya chakula cha mchana na cha jioni. Nikasita. Ndipo nikakumbuka kwamba Mageto ameacha nafasi ya vidole viwili kila upande. Mtu ametoa suruali yake kwa ajili yangu, halafu mimi niache nafasi hiyo ikae bure? Nikachukua sahani ya pili.

Desemba tunaimba Longisa. Kuanzia kesho sitaki mchezo: milo mitatu, katikati hakuna kitu. Na nitapimwa kwa Kiplimo pekee, tena siku ya mvua.