Jenerali Bila Sauti

Kitu cha kwanza nilichoona ni kofia ya jeshi. Tonton Kyungu alikuwa ameipiga pasi. Tunamwita Ajida, cheo cha jeshini, kwa sababu kati yetu ni yeye peke yake aliyewahi kuwa askari, huko Zaire.

Gazeti lilikuwa limesema mchana ule televisheni itaonyesha kichekesho cha jeshi, cha wakati sinema zilipoanza kusema, filamu ambayo hata Wabelgiji wameisahau. Lakini katika mkahawa wa shangazi yangu Maman Régine, mtaani Molenbeek, televisheni haisemi. Shangazi huzima sauti. Kwake, anayekunywa kahawa ndiye mwenye kusema.

"Bon, jeshi haiombe sauti," Ajida alisema, akaketi kwenye kiti chake karibu na radiateur, kile chuma kinachopasha chumba joto. "Ofisa akinyanyua mukono tu, mimi najua ameamuru nini."

Kabeya, tunayemwita Avocat, yaani wakili, maana anasomea sheria tangu mimi sijafika Ulaya, akamwambia aape. Ajida akaapa. Avocat akasema basi, ukikosea, kiti kinapata mwenyewe mwingine. Na ilikuwa Januari.

Kwenye televisheni jenerali mnene akapiga meza, askari wakakimbia huku na huku.

"Anasema adui amevuka muto," Ajida akatafsiri.

Yule askari mdogo anayelia, akatueleza, ametumwa mbele peke yake. Mama yake hana mtoto mwingine. Jenerali ni mjomba wake, ila mbele ya kikosi hawezi kumkumbatia, ndiyo maana anapiga meza. Shangazi aliacha kuosha glasi. Avocat naye alisahau kikombe mdomoni.

Halafu akakumbuka kiti. Akainuka, akafungua sauti. Jenerali, kwa Kifaransa safi, alikuwa anauliza ni mjinga gani amefua suruali yake mpaka imekuwa ya mtoto.

Tulicheka hadi shangazi akashika kaunta. Avocat alinyoosha kidole kwenye kiti. Ajida akachukua kikombe chake, akahamia mlangoni, pale baridi inapoingia na kila mteja.

"Alors," akasema, "adui amevuka muto, na jenerali hana suruali. Na ninyi munacheka?"

Walicheka zaidi. Avocat alikuwa ameshaegemeza mgongo kwenye joto.

Mimi nilikuwa nafuta vikombe, sikusema kitu. Nasema sasa: nilitaka wazime tena ile sauti. Filamu niliyoitazama ni ya Ajida, na mpaka leo sijui kama yule mdogo alirudi kwa mama yake.