Upepo Nilioutengeneza Siku ya Kukaguliwa na Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mpaka mbuzi wetu kanitazama, akageukia pembeni.

Iko hivi. Ta Festo (Ta ndiyo Mzee kwa kwetu), baba yake mchumba wangu Anitha, alikuwa anakuja kwetu Nyakasimbi saa sita. Kunikagua. Kaambiwa mimi ni mtu wa masihara tu (sijui nani kamwambia ukweli). Nikimpendeza, Anitha wangu. Nisipompendeza, kuna mwalimu mmoja huko kwao Kibingo kakaa mkao wa kula.

Asubuhi Mama yuko uani na maharage ya mgeni, anataka kupepeta. Upepo hakuna. Hata jani la mgomba halitikisiki.

"Mama, usihangaike. Upepo natengeneza."

"Utengeneze upepo wewe? Simu ya shangazi yako tu imekushinda tangu Pasaka."

Dharau hiyo! Mimi fundi simu. Na juzi nimeona video: wataalamu wanabandika karatasi mbili za kung'aa kwenye bawa la ndege, katikati plastiki, wanapitisha umeme mkali. Kinatoka kimwanga cha zambarau, hewa inasukumwa kufuata bawa. Pangaboi hakuna!

Nikachukua koili ya tivii yetu ya chogo iliyokufa, betri ya pikipiki, na karatasi za ndani ya pakiti za sigara za Babu. Nikawasha. Zzzzz! Zambarau hiyo! Nikasogeza mshumaa, moto ukalala upande.

Mama akabeba maharage bila ubishi. (Mara ya kwanza tangu nizaliwe.)

Nikasimama juu ya turubai, ndala miguuni, mashine mkononi. "Mwaga!" Mama akamwaga maharage kutoka juu. Upepo wangu, jamani, hata inzi usingemwamsha. Ila makapi yalitoka kweli. Yakaja yote kwangu! Shati, shingo, nyusi. Nikiyapangusa, yanarudi. Umeme umenijaa mwilini, ndala za mpira zinauzuia kushuka ardhini, nywele zimesimama kama nimeona chui.

"Hodi hapa!"

Ta Festo. Koti, kofia, fimbo. Saa tano na nusu! (Mkwe gani anawahi?) Anitha nyuma yake, kajiziba mdomo.

Sasa huku kwetu mkwe humsalimii kwa kupunga. Mashine bado inazomea, nikaibana kwapani, nikainama, nikatoa mkono kwa adabu zote.

"Shikamoo baba."

"Maraha..."

PAA! Cheche ya kuonekana kabisa, toka kidole changu mpaka chake.

"Waitu!" Kofia huku, fimbo kule, mzee kakaa puu juu ya maharage.

Akanitazama na makapi yangu yote.

"Hiki ni nini?"

"Upepo, baba."

"Upepo?"

Ndipo ukaja wa kweli. Migomba ikainama! Mama kapepeta yote dakika tano. Makapi ya mwilini mwangu tu ndiyo hayakutoka.

Mzee kala matoke na maharage, kashiba, kaaga. Mkono hakunipa. Kamwambia Mama, "Huyu nitamwangalia tena. Siku yenye upepo."

Kwa hiyo sijakataliwa! (Nimeahirishwa.)

Sasa hivi Anitha kanitumia meseji: "Baba anasema kile kidole kilichokuwa kinamuuma miaka yote, tangu umpige cheche kimeacha. Anauliza, goti unaweza?"

Kesho naenda Kibingo na mashine yangu na ndala zilezile. Msicheke. Atakayecheka, nampa mkono.