Maiti Uliyoniuzia Inaimba

Kolkata ya Kaskazini,
Jumapili, katikati ya masika.

Kwa Bwana Tokunaga,
Muuzaji wa vyombo vya muziki vilivyotumika,
Niigata, Japani.

Bwana Tokunaga,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha inavyopaswa na samaki bado ni ghali. Nakuandikia kwa lugha yangu. Mashine yako ya tafsiri itajitahidi, kama yangu ilivyojitahidi na tangazo lako.

Nimeandika habari za mahakamani karibu maisha yangu yote, kwa hiyo sitapandisha sauti. Nitaeleza yaliyotokea, kisha nitasema ninachodai.

1. Tangazo lako lilikuwa la uongo. Ulitangaza amplifaya yenye ubavu wa mbao, ya enzi ambazo mimi na wewe tulikuwa na nywele. Chini ya picha uliandika, nanukuu: "Ni takataka. Umeme unaingia, sauti haitoki. Ina harufu ya kuungua. Sikuijaribu tena kwa hofu. Mtu mwenye wasiwasi asinunue. Sipokei ikirudishwa. Samahani sana."

Bwana, nimesoma matangazo mengi ya wauzaji wa ng'ambo. Wengi huandika "kama mpya" na kutuma kitu kilichoangushwa ghorofani. Lako lilinigusa. Niliamini kila neno, na nilinunua hasa kwa sababu ya ile harufu ya kuungua.

Imefika. Tumeichomeka. Imeimba, spika ya kushoto na ya kulia. Harufu ya kuungua hakuna. Mke wangu, Protima, ambaye pua yake humtambua samaki wa jana kabla hajaingia mlangoni, aliinusa akasema inanukia sabuni. Sikukulipa kwa ajili ya sabuni.

2. Umeniharibia jioni zangu. Hapa lazima nikueleze habari za Haradhan Kundu. Alikuwa fundi wa kituo cha redio mpaka alipostaafu. Amefiwa na mkewe na anakaa kichochoro cha pili kutoka kwangu. Kila jioni, kwa miaka ambayo sina haja ya kuihesabu, amekuja kwangu na mkoba wake wa vifaa, akakaa sakafuni mbele ya mashine iliyokufa, nami nikamshikia taa.

"Sogeza taa, kaka. Hapo unamulika pua yangu. Ugonjwa uko huku."

"Huko ulitazama jana."

"Jana nilitazama. Leo naangalia. Wewe shika taa, mambo ya akili niachie."

Hayo ndiyo maisha yangu, Bwana Tokunaga. Mashine moja ikikaribia kupona, naagiza nyingine. Hatujawahi kubaki bila mgonjwa.

Goti langu lilikuwa bovu mzigo ulipofika, kwa hiyo Kundu alikwenda kuuchukua posta. Alikawia sana. Alisema karani amekwenda msibani, kisha barabara ikafurika, kisha karani akafiwa tena. Hatimaye alikuja nao akiwa ameukumbatia kama mtoto mwenye homa. Aliuweka mezani, akaunganisha spika, akaweka santuri, na badala ya kufungua mkoba wake alikaa kitini. Kitini! Sijapata kumwona Kundu akikaa kitini nyumbani kwangu.

Wimbo ulipoanza nilichomoa waya.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Inafanya kazi, kaka."

"Nasikia inafanya kazi! Sasa wewe utafanya nini hapa?"

Aliinua mkoba wake. "Kweli," akasema. "Mimi nitafanya nini hapa." Akaacha chai yake nusu kikombe, akaondoka. Tangu jioni ile hajarudi. Nikimkuta sokoni ananiuliza hali ya goti, kisha anakumbuka kwamba ana haraka. Mtu aliyestaafu na asiye na mke wala mjukuu hana haraka yoyote. Najua, nimefanya uchunguzi.

3. Umeingia kati ya mume na mke. Protima aliruhusu vyombo hivi nyumbani kwa sharti moja: kwamba havilii. Juu ya kimoja anaanika achari ya maembe, juu ya kingine amekaa mungu wa bahati pamoja na maua yake, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Sasa kimoja kinalia, na nimegundua kwamba mke wangu anaijua kila santuri niliyo nayo, maneno yote, na kwamba ana sauti nzuri. Kwa nini sikuambiwa? Nilipomuuliza alijibu, "Wewe unasikia nini? Nyumba nzima ilikuwa imejaa bisibisi." Kisha akaniambia niongeze sauti. Mtu niliyekuwa nikimwogopa kwa ajili ya kelele ndiye anayeomba kelele, na mimi sasa sijui nimwogope nani.

4. Umevunja baraza. Mashine ikiwa imekufa, wanaume wa mtaa huja na maoni. Mwenye duka la dawa husema ni fyuzi. Mwalimu mstaafu wa jiometri husema ni transfoma, na kwamba watu wa duka la dawa wasizungumzie mambo yenye pembe. Wanatukanana kwa adabu, wanakula muri, yaani bisi za mchele, zilizochanganywa na mafuta ya haradali na pilipili mbichi, wanaondoka wakiwa na afya. Sasa wakija wanakuta muziki. Huwezi kumtukana mtu ilhali mwimbaji analia kuhusu mto na mpenzi aliyekwenda ng'ambo ya pili. Wanakaa wameshika magoti. Juzi mwenye duka la dawa alimwambia mwalimu, "Una hoja." Mwalimu aliugua mpaka asubuhi.

5. Umehatarisha mji. Mwenye chai wa pembeni ametuuliza kama kuna aliyefariki, maana hatumtumi tena mtu kuongeza birika. Muuza vipuri wa soko la Chandni, ambaye nilikuwa nikimnunulia kapasita kila wiki, amenipigia simu kuniuliza amenikosea nini. Huu ni mji unaoishi kwa mazungumzo, Bwana Tokunaga, na mazungumzo yanataka kitu kibovu katikati. Ikiwa Japani itaanza kututumia vitu vizima kwa jina la takataka, kwanza mtaa wetu utanyamaza, kisha kata, kisha bunge la jimbo, na wageni watakaokuja watatukuta kila mtu amekaa kitini, anasikiliza.

Utauliza kwa nini sikuiharibu mwenyewe. Nilijaribu. Nilisimama mbele yake na koleo. Lakini Kundu ni fundi. Nikikata waya, atafunua kifuniko, atainama, na atasema, "Huyu hakufa, kaka. Huyu ameuawa." Na hatarudi tena kabisa.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Unieleze kwa maandishi, hatua kwa hatua, amplifaya hii ilikuwa imekufa vipi, ili niirudishe katika hali uliyoitangaza bila kuacha alama. Ukishindwa, unitumie kwa gharama yako chombo kingine kilichokufa kifo cha kawaida, kilichoshuhudiwa na watu wawili wasio ndugu zako. Hadi hapo nimekupa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya jinsi ulivyokifunga kile kifurushi, kwani hata nilipokipokea kilikuwa kimefungwa vizuri mara mbili, kwa karatasi yenu na kwa kamba yetu.

Nisalimie mama wa nyumba yako, watoto ikiwa wapo, na mtu aliyepiga zile picha, ambaye alikuwa na kipaji cha kuonyesha huzuni. Protima anakusalimu. Anasema asante, jambo ambalo naomba ulipuuze.

Wako katika kutafuta haki,

Nirupam Bhaduri

Nyongeza: Nilikuwa bado sijaifunga bahasha. Katika kazi yangu sikuwahi kupeleka habari bila kumsomea aliyetajwa ndani yake, kwa hiyo nilichukua fimbo, nikaenda mpaka kwa Kundu, nikaanza kumsomea mlangoni pake. Alisikiliza hadi niliposoma habari ya sabuni. Hapo akaniwekea mkono kwenye karatasi.

"Usiitume, kaka. Mjapani hana kosa."

"Ana kosa. Inaimba."

"Ilikuwa maiti kabisa. Niliifungua hapa kwangu kabla hujaiona. Ndani kulikuwa kumeungua kama jiko la harusi. Nikaitengeneza, nikaiosha, nikaifunga tena kwa kamba."

"Na karani aliyefiwa?"

"Hajafiwa na mtu."

Nilimuuliza kwa nini afanye kitu kama hicho kwa rafiki. Alitazama pembeni. "Miaka yote hii nakuja kwako, umewahi kunisikilizisha wimbo mmoja mpaka mwisho? Nilitaka jioni moja nije kama mgeni. Nikakaa kitini. Ukaniuliza nitafanya nini pale."

Bwana Tokunaga, swali lile nakiri nililiuliza. Lilitamkwa na mimi, mbele ya shahidi.

Naomba ufute namba moja hadi tano. Ulisema kweli tupu: ilikuwa takataka, iliungua, na samahani yako ilikuwa ya dhati. Nimekurudishia nyota zako nne. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa imeshahakikiwa.

Kundu yuko hapa sasa. Nilimwambia aache mkoba nyumbani, akauacha. Amekaa kitini. Protima amemletea chai kwa kikombe cha wageni, akamwambia, "Shemeji, ukiinuka kabla santuri haijaisha nakufungia mlango," na amesikiliza upande wa kwanza wote mpaka sindano ikajikwaruza katikati. Nimemtazama muda wote, hakugusa kitu.

Kisha akasema spika ya kushoto inakwaruza kidogo, kidogo sana, mtu wa kawaida hawezi kusikia, akauliza kama nyumba hii ina bisibisi.

Taa ninayo mkononi ninapoandika. Tafadhali niwekee ile mashine ya santuri uliyoitangaza juzi, ile unayosema inazunguka kinyumenyume. Natumaini ni kweli.