Risasi Kumi za Valentine

Jumatatu, 6 Oktoba
Salamu kwanza, maana sijui kuanza karatasi bila salamu. Nakusalimu Philemon mume wangu, uko barabarani na basi lako. Nakusalimu Nancy mwanangu, uko chuo Leeds, najua huli. Nakusalimu Valentine, uko gereji, hatua kumi kutoka hapa nilipo. Nakusalimu na wewe paka wa jirani unayekula kwetu. Mimi Adelina ni mzima, ila moyo tu.

Habari yenyewe ni Valentine. Hana kazi tangu Mei, ghala lao lilipofungwa. Mtu wa miaka thelathini na moja, hanyoi ndevu, anaosha vyombo bila kuambiwa. Hivyo vyombo ndivyo vinavyonitisha.

Sasa kuna nafasi. Klabu yake ya shabaha, kule mashambani mwisho wa reli ya Metropolitan, inatafuta mtu wa kutunza chumba cha risasi, kwa mshahara. Majirani wa klabu wanafuga farasi, na farasi wanaruka kila bunduki ikilia. Kwa hiyo wanataka fundi wa risasi za kimya. Mtihani Jumapili. Kila mtu na risasi zake kumi alizojaza mwenyewe, mashine inapima kelele. Wamebaki wawili, Valentine na Pritesh, mtoto wa Usha wa mtaa wa pili.

Huyo Usha nimekutana naye dukani kwenye bamia. Mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kinanipita. Kasema risasi za Pritesh zinalia kama mtu anafunga droo. Nikamwambia za Valentine zinalia kama paka anapita kwenye zulia. Sijawahi kuzisikia.

Nimeamua kumsaidia mwanangu. Yeye hajui.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimempelekea chai gereji. Bunduki yake fupi ya mtindo wa zamani iko mezani, mti wake umepakwa mafuta unang'aa, mbele ina lile bomba nene la kumeza sauti. Yeye kainamia mizani. Kaniambia mama usipumue hapa. Nikapumulia mlangoni.

Sheria naijua. Nisiguse kitu. Kadi ya ruhusa ya bunduki ni yake, kabati la chuma ni lake, ufunguo anauvaa shingoni. Polisi walipokuja kukagua kabati, nani aliwapa maandazi?

Simu ikalia. Tom, mwenyekiti wa klabu. Gereji haishiki mtandao, Valentine akatoka bustanini. Nikachungulia. Maganda kumi yamesimama wazi kwenye kibao, kila moja na baruti ndani. Baruti gani? Chini kabisa, kama chumvi ya mgonjwa. Nikaona aibu. Miaka sita nimeuza unga sokoni Tukuyu. Unapima kopo, unasawazisha, halafu unatia nyongeza. Hakuna aliyeondoka kwangu bila nyongeza. Leo mwanangu apeleke vitu mbele ya Wazungu vimepunjwa hivi? Watasema mama yake ana mkono wa birika.

Nikatia. Kidole na kidole, kila ganda. La mwisho nililipendelea kidogo.

Valentine akarudi, akaweka vichwa vya risasi, akavuta mkono wa ile mashine yake, zote kumi zikafungwa, akazitia kabatini. Kanishukuru kwa chai. Nimelala mchana vizuri sana.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekwenda kwa Usha na maandazi, kupeleleza. Kanisikilizisha bunduki ya Pritesh kwenye simu. Ni droo kweli. Tena droo ya watu wenye adabu.

Nikamuuliza, kwa mbali, mtoto anatia baruti kiasi gani. Usha kacheka. Kasema hata ukiitia kwenye dengu hutaionja. Moyoni nikasema, na hawa nao bahili. Ndipo akanieleza. Kumbe inatakiwa iwe kidogo. Risasi inatakiwa iende polepole kuliko sauti yenyewe. Ikiwahi, inapasua hewa kama radi, na lile bomba halifui dafu. Ikizidi mno, bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni.

Nikamwomba arudie hapo kwenye uso. Akarudia, akala andazi.

Nimepotea njia ya kurudi nyumbani. Naishi Harrow mwaka wa kumi na tisa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Valentine kanyoa ndevu. Anapiga mluzi. Nikimwambia, nauzima huo mluzi, na pengine polisi watamnyang'anya kadi kwa sababu yangu. Basi sitamwambia. Risasi zitatoweka tu, kistaarabu.

Nimemwomba ufunguo nifute vumbi ndani ya kabati. Kauliza toka lini kabati la chuma linafutwa ndani. Nimemwambia nimeota ndoto mbaya. Kasema niliota hivyo hivyo kabla ya mtihani wake wa gari, na alifaulu. Nimemwambia atengeneze nyingine, vitu vya siku ile ile ndivyo vizuri, aangalie maandazi. Kanitazama sana, halafu kanijibu kwa Kiingereza. Akinijibu kwa Kiingereza najua mazungumzo yamekwisha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimempigia Tom. Nimemwambia kwa Kiingereza changu kwamba Valentine tumbo baya sana, Jumapili hapana. Tom ni mtu mwema. Kwa wema wake akampigia Valentine papo hapo kumpa pole ya tumbo.

Tom hakuijua sauti, kasema ni mama fulani tu. Valentine kapiga hesabu, kapata Usha. Kasema Pritesh kamtuma mama yake. Akamwandikia Pritesh maneno ambayo sikumfundisha mimi. Baada ya nusu saa Usha kanipigia analia, kwamba mwanangu kamwita mwanawe mwoga, na yeye Usha kamwita mwongo, na amekula chakula chao miaka yote hii. Nimembembeleza kwa roho moja. Tumekubaliana kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimefua suruali zake zote. Zote zimelowa, bila suruali haendi mtu.

Kesho anavaa za baba yake.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimejialika. Chapati kwenye begi, Philemon yuko zamu. Kwenye treni Usha kakaa mbele yetu na Pritesh wake, anasoma tangazo la dawa ya meno kuanzia Harrow mpaka mwisho wa reli.

Klabuni kuna mstari mweupe. Tom kasema wageni wasiuvuke. Tukavishwa vifuniko vya masikio. Pritesh akapiga kumi. Droo, droo, droo. Farasi ng'ambo ya uzio hawakuinua hata kichwa.

Kisha Valentine akalala kifudifudi kwenye mkeka, suruali ya baba yake imejaa upepo. Akatia risasi ya kwanza. Akaweka shavu lake kwenye ule mti. Shavu hilo nililiogesha mimi.

Nikapiga kelele. Usipige, baba, nimetia nyongeza!

Pale wanaojua Kiswahili ni wanne. Valentine akatoa kidole, akafungua bunduki, akaitoa risasi, akailaza mezani kama yai. Pritesh akashika kichwa. Tom akauliza mama anasema nini. Usha akamtafsiria, kasema mama ameongeza zawadi ndogo kwenye kila risasi. Tom akawa mweupe kuliko alivyokuwa.

Wakazipima. Zote zimezidi, na hakuna mbili zinazolingana. Ya mwisho Tom aliishika kwa vidole viwili.

Nikasema kosa ni langu. Na la tumbo nikalisema hapo hapo, Usha asibebe lisilo lake. Valentine akasema hapana, meza ni yake, aliiacha wazi akatoka, na aliporudi hakupima tena. Hakuninyooshea kidole. Tom kasema vizuri tu, kwa huruma, kwamba anayeacha meza wazi hawezi kupewa ufunguo. Kazi kapewa Pritesh. Valentine kaenda kumpa mkono na kumwomba radhi kwa yale maneno.

Kwenye treni akafunga macho. Moor Park ikapita. Northwood ikapita. Tulipofika Pinner akauliza kama chapati zimebaki. Kala tatu. Nikaangalia dirishani mpaka macho yakakauka.

Jumatatu, 13 Oktoba
Gereji ina kufuli mpya. Valentine kasema mama, sina hasira, ila naomba kitu kimoja, usinifanyie kitu. Chochote. Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu.

Saa nne Usha kaja, tumepatana. Kasema kamati imeona ufunguo mmoja hautoshi. Wanataka mtu wa pili, mshahara huo huo, kazi yake kumpimia Pritesh kila alichojaza. Wanakaa Alhamisi. Pritesh mwenyewe anamtaka Valentine, kwa sababu hakuna mtu Uingereza hii atakayeogopa kuacha meza wazi kama yeye. Lakini Valentine aombe kwa barua, naye kasema haombi, ana aibu.

Sasa hii si kumfanyia kitu. Ni barua tu. Nimeiandika mimi, Usha kaitia Kiingereza, sahihi ya Valentine naijua toka ripoti zake za shule, nimeiweka na ule mkia wake. Philemon kaipeleka posta akidhani ni bili. Nakala naiweka hapa:

Mpendwa Tom, mimi Valentine nakusalimu sana. Msalimie mkeo, wasalimie wanakamati mmoja mmoja, wasalimie na wenye farasi, na farasi wenyewe. Mimi ni kijana mtiifu, sinywi, naosha vyombo bila kuambiwa. Naomba ile kazi ya ufunguo wa pili. Mama yangu sasa ametulia kabisa. Tafadhali niletee jibu upesi, kabla ya Alhamisi kama inawezekana, ila usipige kwenye simu yangu. Piga kwa mama.