Mguu Uliofufuliwa Kabla ya Siku Yake

Mzee wa kusanyiko letu alitamka, mbele ya ndugu wote, kwamba tutafufuka na miili hii hii, hata unywele hautapotea. Kesho yake kibanda cha Filto, muuza dengu, hapo lango la kwendea Kenkrea, hakikukalika kwa ubishi.

Filto, ambaye kijiweni ni Mama Dengu, alikuwa upande wa nyama na mifupa. Alisema hawezi kuivumilia Korintho na magoti yake haya mabovu, halafu mwisho wake apewe upepo. Zenas tunamwita Ukungu, kwa sababu aliwahi kukaa mlangoni kwa wanafalsafa akatoka na maneno matupu. Yeye alishikilia kwamba mwili ni gereza, na aliyefunguliwa gerezani harudi kubeba kuta.

"Na ile karamu ya mbinguni utaila na nini?" Mama Dengu akamuuliza. "Utainusa?"

"Nitaila kiroho, mama."

"Basi anza leo." Akamnyang'anya bakuli.

Mvinyo ulinitoka puani. Ukungu, njaa ikimuuma, akaleta habari ya baharia aliyeliwa na samaki, samaki naye akaliwa na tajiri mnene; parapanda ikilia, ile nyama ni ya nani? Nikasema mimi namhurumia samaki, maana siku hiyo atavutwa huku na huku.

Hapo ndipo Nusu alipoingia akirukaruka na fimbo yake, gunia begani, uso unang'aa kama bwana harusi. Jina lake hasa ni Epagatho. Ujanani jiwe la marumaru lilimponda mguu bandarini Kenkrea, ukakatwa, na wenzake wakauzika mlimani na kiatu chake. Sasa maneno ya mzee yalikuwa yamemnyima usingizi. Yeye atazikwa huku, mguu uko kule: siku ya kufufuka, nani atamfuata mwenzake? Ajione anaruka njia nzima ya Kenkrea, wafu wote wanamjia uso kwa uso? Kwa hiyo alfajiri alidandia mkokoteni, akaenda kuchimba.

Akafungua gunia mezani: mifupa ya mguu na kiatu chakavu.

"Ondoa maiti yako kwenye dengu zangu," alisema Mama Dengu, shingo ameirefusha kuliko sisi wote.

Tuliupokea mguu kwa heshima zote. Nikauuliza habari za siku nyingi. Ukungu akauambia umekonda. Nusu alicheka mpaka machozi, akawa anaupangusa udongo kwa ncha ya vazi lake, taratibu, kama anayemnawisha mtoto.

Mama Dengu akaokota kiatu, akakigeuza. Kicheko chake kikakatika.

"Nusu, baba. Wewe ulikatwa mguu upi?"

"Wa kulia."

"Hiki kiatu ni cha kushoto."

Nusu akakijaribu kwenye mguu wake uliobaki, wa kushoto. Kilimkaa sawasawa.

Ukungu alisema sasa atafufuka na kushoto mbili, atazunguka mahali pamoja mpaka milele. Tukaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza, kisha tukaona Nusu hacheki nasi. Nikamshauri auzike tu huku kwetu. Mguu ni mguu, na Mwenyezi atajua kuugeuza. Mama Dengu akaniunga mkono, akasema mlima ule umejaa makaburi yasiyo na jiwe, nani atajua mwenye mguu ni nani?

Nusu akaitazama mifupa. Kisha akavua kiatu, akairudisha kwenye gunia mmoja mmoja, akasimama.

"Kenkrea tena?" nikamuuliza. "Kuutafuta wako?"

"Kuurudisha huu kwanza. Jua lisinizamie."

Ukungu, yule asiyetaka kusikia habari za mifupa, akachukua gunia akalitia begani mwake. "Na wako usipoonekana?"

"Mimi kuruka nimeshazoea," Nusu akasema, akiitafuta fimbo yake. "Huyu mwenzangu mwenye mguu huu atajifunzia wapi, na siku yenyewe ina watu wote wale?"